Mwenye Nyumba ya Kasulu

Stockholm,
Jumapili, 8 Machi 2026

Kwako dada yangu mpendwa Médiatrice,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Damian na watoto wote, na kwamba goti la shemeji limepata nafuu tangu aanze zile sindano za Kigoma. Mwanao Veneranda aliniandikia kwamba maharage ya mwezi wa kwanza yalikubali na kwamba umepata oda ya sare za shule mbili. Nilifurahi sana. Mwambie shemeji asibebe tena majora ya vitambaa ngazini, hata kama anajisikia mzima.

Sisi huku hatujambo. Theluji bado imeganda kwenye vivuli vya majengo, lakini saa kumi na moja jioni kunakuwa na mwanga sasa, na watu wameanza kusalimiana kwenye lifti. Mume wangu Bethuel yuko palepale kwenye kiwanda cha malori Södertälje, zamu ya asubuhi. Christina ametimiza miaka kumi na mitatu na amenipita urefu. Ukimsemesha Kiswahili anajibu kwa Kiswidi, lakini anaelewa kila kitu, hasa yale ambayo sikutaka ayaelewe.

Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati tunaonana kwenye simu kila Jumapili. Nimejaribu Jumapili tatu mfululizo kukuambia haya kwa simu. Kila nikikuona umekaa mbele ya cherehani yako na wateja wanapita nyuma yako, naishia kukuuliza habari za mvua. Barua hii ataibeba Vedasto, mtu wa Kasulu anayefanya kazi pamoja na Bethuel. Nimemwomba akukabidhi mkononi na asikae kusubiri wakati unasoma. Nawe nakuomba usimpe Veneranda akusomee. Vaa miwani yako, funga mlango wa duka, usome mwenyewe mpaka mwisho.

Unajua kwamba mimi ni diwani hapa kwetu tangu mwaka 2018. Ulifurahi siku ile, ukashona gauni la kitenge na kulivaa kanisani. Jambo ambalo sikukueleza vizuri ni kwamba mwaka juzi nilitoka kwenye chama. Wenzangu walikubaliana kuuza majengo matatu ya kupanga, ya watu wa kipato kidogo, kwa kampuni binafsi. Mimi nilikuwa nimepita milangoni mwa wapangaji hao, ghorofa kwa ghorofa, nikawaahidi kwamba hayatauzwa. Siku ya kura nilibonyeza hapana, mauzo yakakwama kwa kura moja, na asubuhi yake nikarudisha kadi ya chama. Sheria ya hapa inasema kiti ni cha mtu aliyechaguliwa, si cha chama, kwa hiyo nilibaki barazani peke yangu. Diwani wa namna hiyo wanamwita vilde, neno ambalo maana yake nyingine ni mtu wa porini. Bethuel aliniita hivyo wiki nzima na kucheka.

Baraza letu lina watu sitini na mmoja. Nilipotoka, thelathini wakawa upande huu, thelathini upande ule, na mimi katikati. Watu ambao hawakuwahi kukumbuka jina langu walianza kuniletea kahawa. Sitakudanganya dada, nilipenda. Mimi niliyelala kwenye turubai kambini nilikuwa nikiinua macho kwenye karatasi zangu na kukuta chumba kizima kinasubiri kidole changu.

Mwezi wa kumi mwaka jana ikaletwa hoja nyingine. Kampuni ya nyumba ya manispaa ikague fomu za wapangaji wote, na yeyote aliyeandika uongo kuhusu watu anaoishi nao aondolewe bila onyo. Hoja yenyewe haikuwa ya kipuuzi. Kuna watu wanauza mikataba ya nyumba kwa siri, na kuna wanaojaza chumba kimoja watu sita na kuwatoza kila mmoja kodi kamili. Lakini ilikuwa kali mno, haikuacha nafasi ya kumsikiliza mtu. Niliisoma mara nyingi. Kisha nikasimama kwenye kipaza sauti nikasema kwamba fomu ni ahadi, na kwamba anayeandika uongo kwenye fomu anamnyang'anya nafasi yule anayesema ukweli. Nikarudi kitini nikabonyeza ndiyo. Ilipita kwa kura thelathini na moja dhidi ya thelathini. Gazeti la hapa likachapa maneno yangu kwa herufi kubwa.

Miezi miwili baadaye, mmoja wa walioondolewa akawa Dafrosa. Nimewahi kukutajia, yule mjane wa Bukoba anayehudumia wazee, aliyenifundisha kumfunga Christina nguo za baridi alipokuwa mchanga. Kwenye fomu yake aliandika kwamba anaishi peke yake. Kumbe alikuwa na dada yake, Asteria, aliyekuja kumtembelea, akaugua figo, na muda wa viza ukaisha akiwa bado kitandani. Wakaguzi walikuta miswaki miwili na vitanda viwili. Dafrosa alipewa muda wa kufungasha. Asteria alirudishwa Tanzania, na Dafrosa sasa amekodi chumba Rinkeby, anabadilisha treni mara mbili kufika kwa wazee wake.

Niliposikia nilisema moyoni kwamba sheria ni sheria. Sikumpigia.

Mwezi wa kwanza mwaka huu akanitafuta mwandishi wa gazeti, binti mmoja anaitwa Josefin. Mwaka huu ni wa uchaguzi, na alisema watu wana haki ya kujua ni nani hasa huyu mwenye kura ya mwisho. Alitaka mambo matatu. Historia yangu ya ukimbizi, kura zangu zote tangu nilipotoka kwenye chama, na mali yangu, kwa sababu wale waliotaka kununua yale majengo walikuwa wameeneza kwamba nimenunuliwa na kampuni shindani. Nilimkaribisha nyumbani. Alivua viatu mlangoni, akanywa chai yetu ya tangawizi mpaka mwisho, na maswali yake alikuwa ameyaandika kwa mkono. Hakuwa mtu mbaya, dada. Nataka ulijue hilo kabla sijaendelea.

Kuhusu ukimbizi nilimpa maelezo ambayo nimeyatoa mara nyingi, makanisani na mashuleni: Burundi mwaka 1996, mimi nina miaka mitano, safari ya kuvuka mpaka, kambi, kisha kufika hapa peke yangu nikiwa na miaka kumi na saba. Kuhusu kura alinionyesha orodha, karatasi nne. Akanionyesha kwamba katika kura za nyumba nilikuwa upande wa wapangaji kila mara isipokuwa moja, ile ya ukaguzi wa fomu. Aliniuliza kwa nini. Nilijibu kwamba haki lazima iwe sawa kwa wote. Aliandika jibu, lakini aliniangalia kidogo kabla ya kuandika.

Kisha akatoa picha. Ilikuwa nyumba yako ya Kasulu. Ile picha ambayo Veneranda aliiweka kwenye mtandao mlipomaliza kuezeka, wewe umesimama kwenye baraza la duka na watoto wamepanga mstari, na chini yake ameandika: Asante mama mdogo Gaudiose kwa kutushika mkono mpaka bati la mwisho. Josefin alikuwa ametafsiri kwa mashine. Mashine haikujua mama mdogo ni nani kwetu. Ilimwambia ni mama aliye mdogo, naye akadhani ni jina la heshima ambalo wapangaji wanampa mwenye nyumba. Akaniuliza kwa upole kama hiyo nyumba ya vyumba sita na duka mbele ni yangu, na kama ni yangu, kwa nini haimo kwenye karatasi ya mali ambayo kila diwani hujaza kila mwaka.

Kulikuwa na jibu jepesi na la kweli. Nyumba ni ya dada yangu, ameijenga kwa cherehani yake, mimi nilimsaidia bati na saruji. Nilifungua kinywa nikaona siwezi kulisema.

Nikamwambia ni yangu.

Nilisema nilisahau kuiandika, kwamba nilidhani mali ya nje haihesabiki. Josefin akauliza yule mama kwenye picha ni nani. Nikasema ni mpangaji.

Habari ilitoka Alhamisi. Picha yenu mlangoni pa nyumba yenu, na maneno kwamba diwani anayewahubiria maskini kujaza fomu kwa ukweli ana jumba la kupangisha Afrika ambalo hakulitaja. Nadhani hamjaiona, maana iko kwa Kiswidi, lakini ikiwa kuna mtu amewaambia kwamba kuna gazeti la Ulaya linasema ninyi ni wapangaji wangu, basi amewaambia kweli. Ni mimi niliyesema.

Wiki ile nilipata ujumbe wa kila aina. Kazini, kwenye shule ya chekechea ninapofundisha, mama mmoja alimchukua mwanawe mapema bila kuniangalia. Barazani walisema niombe radhi tu, yatapita, kila mtu husahau kitu. Na ingepita kweli. Hilo ndilo linalonitia hofu hadi sasa, jinsi ambavyo ingepita.

Jumamosi Dafrosa akabisha hodi. Alikuja na maandazi kwenye mkebe, kama zamani. Bethuel alitupisha, akaenda kuzoa theluji kwenye gari ingawa hatukuwa na safari. Dafrosa alikaa, akaniuliza habari za Christina, akanieleza kwamba Asteria anasafishwa damu hospitali mara mbili kwa wiki na anavumilia. Mimi nilianza kujitetea kuhusu kura, nikasema habari za wanaouza mikataba. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Gaudiose, sijaja kukulaumu," akasema. "Mimi nilijua nimeandika uongo, na nilijua siku moja watakuja. Nilitaka tu kukuuliza kitu kimoja. Siku ile ulipobonyeza, ulikuwa unamfikiria nani?"

Nikasema sijui.

"Mimi nilipoandika, nilikuwa namfikiria dada yangu," akasema. "Nilidhani labda na wewe kuna mtu."

Alimaliza chai yake, akaniachia mkebe, akaenda kuwahi treni. Nami nikabaki mezani nikijua jibu, kwa sababu siku ile nilipobonyeza nilikuwa nakufikiria wewe.

Dada, sasa naandika lile lililonifanya nichukue kalamu. Naliandika polepole ili nisiruke kitu.

Mwaka 2008 uliuza cherehani zako mbili, ile nyeusi ya kanyagio na ile uliyopewa na masista, ili mimi niondoke. Wakati ule walikuwa wanafunga kambi na kuturudisha Burundi, nawe uliniambia hukunibeba mgongoni kwa siku kumi na moja ili nikarudishwe kwa lori. Yule mtu aliyenisafirisha aliniambia kwenye ndege kitu ambacho sikukueleza. Alisema mtoto wa umri wangu mwenye ndugu mkubwa aliyeolewa na mwenyeji, mwenye paa juu ya kichwa katika nchi yenye amani, hapewi hifadhi. Anarudishwa kwa ndugu huyo. Sema huna mtu, akasema.

Siku ya mahojiano walinikalisha mbele ya mama mmoja wa makamo aliyekuwa na mafua, na mkalimani kwenye simu. Aliniuliza juu ya kila mtu wa familia yetu, mmoja baada ya mwingine. Juu ya baba nilisema ukweli. Kisha akaniuliza juu yako. Nikasema umekufa.

Nilidhani itaishia hapo. Lakini alitaka kujua ni lini, kwa ugonjwa gani, nani aliona, umezikwa wapi. Sikuwa nimejiandaa, dada. Nikatafuta kifo ninachokijua, na nilikuwa ninacho kimoja tu. Nikampa kile cha mama. Nikasema kipindupindu, wiki ya tatu kambini, nyuma ya hema la hospitali, na kwamba ulifunikwa kwa kitenge chake cha rangi ya machungwa. Nikalia, na kilio kilikuwa cha kweli, naye akanipa karatasi ya kujifuta. Halafu ikabidi nimtafutie mama mahali pengine pa kufia, kwa sababu kaburi lake nilikuwa nimekupa wewe. Nikasema alibaki njiani.

Ndivyo ilivyoandikwa. Kwenye karatasi za nchi hii wewe ulikufa mwaka 1996 ukiwa na miaka kumi na minne. Nilipata kibali kwa karatasi hiyo, na uraia baadaye.

Uongo wa msichana wa miaka kumi na saba aliyeogopa ningeweza kukuomba unisamehe, na nadhani ungenisamehe kabla sijamaliza. Kigumu ni yale niliyofanya baada ya kuwa mtu mzima. Nilipoolewa, wazee wa Bethuel kutoka Kakamega walitaka kujua wawaone nani kwa upande wetu, nikasema hakuna aliyebaki. Wewe nilikuambia kwamba huku Ulaya watu hufunga ndoa bila wazee. Bethuel nilimwambia wewe ni mama mwema aliyenilea kambini. Ndiyo maana Christina amekuita Mama Vene miaka yote hii. Uliniuliza mara moja kwa nini hakuiti mama mkubwa, nikasema watoto wa huku hawajui. Na kila ulipotaja habari ya kuja kututembelea, nilikwambia viza zimekuwa ngumu. Kweli ni kwamba sikuwahi kuomba. Fomu ya mwaliko inauliza anayealikwa ni nani wako.

Kisha nikaingia kwenye siasa, na chama kilipenda historia yangu. Waliiweka kwenye vipeperushi. Mimi nilisimama mbele ya watu nikasimulia dada aliyenibeba siku kumi na moja akafa alipofika. Wanawake walilia. Kila mwaka, siku ya watakatifu wote, watu hapa huenda makaburini kuwasha mishumaa, na kina mama wa kanisa letu walikuwa wanawasha mmoja kwa ajili yako. Nimesimama pale kwenye baridi, miaka kumi, nikitazama mshumaa wako, na Jumapili yake nikakupigia simu tukazungumza bei ya vifungo.

Kwa hiyo ile hoja ya fomu ilipokuja, niliogopa kwamba atakayesema hapana ataulizwa anaficha nini. Nikabonyeza ndiyo, nikahubiri juu yake, na Dafrosa akatolewa nyumbani. Na Josefin alipouliza nyumba ni ya nani, niliona kwamba nikikutaja utafufuka mbele yake mezani. Nikaona afadhali niitwe mficha mali. Nilikuwa nimeshakuua, nikakunyang'anya na nyumba.

Jioni ya Jumamosi ileile nilimwambia Bethuel. Alikuwa bado na glavu za theluji. Hakupiga kelele. Alivua glavu moja moja, kisha akaniuliza, "Kwani mama yangu amekuwa akimwombea nani kila Jumapili?" Maana mama mkwe wangu alikuweka kwenye maombi yake ya marehemu tangu harusi. Siku nne hakuzungumza nami ila ya lazima. Siku ya tano akasema lazima aende Kasulu kujitambulisha, na kwamba ataenda na wazee wake hata kama wamechoka. Sijui kama amenisamehe. Amenunua suti.

Christina alisikia yote kutoka chumbani kwake. Alitoka akasimama mlangoni akasema kwa Kiswidi, "Basi nina moster." Ndilo neno lao la dada wa mama, na alilisema kama mtu anayejaribu kiatu. Kisha akaniuliza kama nimewahi kumdanganya kuhusu kitu kingine. Nilifikiria vizuri kabla ya kujibu, na nikajibu hapana, na ni kweli.

Jumatatu nilimpigia Josefin. Nilimweleza yote. Akaniuliza kama nina wakili. Nikasema bado. Akasema atasubiri siku mbili nimwone wakili kwanza. Sikutarajia hilo kutoka kwa mtu niliyemdanganya mezani kwangu.

Wakili ni mzee mmoja wa mjini, anaongea kidogo. Alisema kwa sheria ya leo uraia wangu hauwezi kuchukuliwa, lakini sheria hiyo inazungumzwa kubadilishwa, na yeye hawezi kuniahidi kitu. Alisema naweza kunyamaza, kwamba wengi hunyamaza. Nikamwambia nimeshanyamaza miaka kumi na minane.

Kikao cha baraza cha mwezi wa pili niliomba dakika tatu. Nilisema: "Nilijaza karatasi ya mali upya. Sina nyumba. Ile nyumba ni ya dada yangu Médiatrice, fundi cherehani wa Kasulu. Yu hai. Nilipofika nchi hii niliandika kwamba amekufa, na mwezi wa kumi nilipiga kura wengine waondolewe kwa kosa dogo kuliko langu." Mwenyekiti alishukuru, akasoma ajenda inayofuata, iliyohusu taa za barabarani.

Kabla ya kikao kuisha nilitoa hoja kwamba mpangaji anayejisahihisha mwenyewe apewe nafasi ya kusikilizwa. Tuliipigia kura wiki iliyopita. Ilianguka kwa kura tatu. Wawili waliokuwa wameniahidi walinieleza baadaye, bila kunificha, kwamba hoja ni nzuri lakini jina lililo juu yake halifai tena. Dafrosa alikuwa amekaa juu kwa watazamaji. Nyumba yake ameshapewa mtu mwingine. Tulipotoka alinishika mkono mpaka kituoni, lakini hakusema kwamba yameisha, na sikumwuliza.

Wenye hasira zaidi ni watu wetu. Dukani kule Alby mzee mmoja wa Burundi, mtu ninayemheshimu, aliniambia mbele ya wateja kwamba sasa kila mkimbizi atakayesema dada yake amekufa ataulizwa kama kweli amekufa, na kwamba nimewaharibia walio nyuma yangu. Nililipia ndizi zangu nikatoka. Nadhani ana haki, na nadhani ningenyamaza pia ningewaharibia kwa namna nyingine. Bado nalifikiria kila siku.

Sitagombea tena mwezi wa tisa. Nitamaliza muhula wangu, nitapiga kura zilizobaki, kisha nitakuwa mwalimu wa chekechea tu. Usinisikitikie kwa hilo. Watoto wa miaka minne wananipenda, na hawasomi gazeti.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi nyingine, imeandikwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Ni ya wakili. Inaitwa hati ya kiapo. Inasema kwamba wewe Médiatrice, uliyezaliwa Makamba mwaka 1982, uko hai, na kwamba mimi ni mdogo wako wa tumbo moja. Ukikubali, uipeleke kwa wakili au hakimu pale Kasulu, usaini mbele yake. Bila sahihi yako siwezi kurekebisha chochote, wala kukualika. Lakini kusaini ni kunikiri kuwa ndugu yako, na baada ya haya uliyosoma sijui kama hilo ni jambo la kumwomba mtu. Usiposaini sitakuuliza sababu, na Jumapili nitapiga simu kama kawaida. Usipopokea, nitapiga Jumapili inayofuata.

Msalimie sana shemeji Damian, na umwambie namwomba radhi kwa kumwita mpangaji katika nyumba aliyoichimbia msingi. Msalimie Veneranda na umwambie hana kosa lolote kwa ile picha. Bethuel anakusalimu na anaomba ukubwa wa shati la shemeji. Christina anakusalimu. Wasalimie wote wa kanisani, na ukifika kambini siku yoyote, pita pale nyuma ya hospitali unisalimie mama, umwambie nimemrudishia mahali pake.

Ni mimi mdogo wako,
Gaudiose